Ada ya Kudumisha Hataza: Deni Dogo Linaloamua Nani Atengeneze Dawa

Wahudumu wengi wa afya hujua kwamba hataza ya dawa hudumu kwa miaka 20, na kwamba baada ya hapo viwanda vingine huwa huru kuitengeneza dawa hiyo na kuiuza kwa bei nafuu. Kauli hii ni ya kweli, ila haijakamilika. Miaka 20, ambayo Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unaihesabu tangu tarehe ya kuwasilishwa kwa ombi, ni umri ambao mwenye hataza anapaswa kupewa nafasi ya kuufikia. Kuufikia kwenyewe ni jambo lingine. Katika nchi nyingi mwenye hataza hulipa ada kila mwaka ili haki yake iendelee kuwa hai, na mwaka asiolipa, haki hiyo huanguka. Haihitajiki kesi mahakamani wala uamuzi wa waziri. Uvumbuzi huwa mali ya umma katika nchi ile, na yeyote mwenye uwezo anaweza kuutumia.

Kwa msomaji asiyezoea istilahi hizi, hataza ni haki inayotolewa na serikali kwa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasiingize nchini kitu alichokivumbua, naye kwa upande wake huueleza uvumbuzi huo hadharani kwa maandishi. Umbo lililosajiliwa ni haki ya jamaa hiyo hiyo, lakini hulinda sura ya nje ya kitu peke yake: mviringo wa kalamu ya insulini, mkao wa kivuta-pumzi cha mgonjwa wa pumu, mpangilio wa vitufe kwenye kipima sukari. Dawa iliyomo ndani ya kalamu inaweza kulindwa kwa hataza, na kalamu yenyewe ikalindwa kwa hataza nyingine pamoja na usajili wa umbo, kila moja ikiwa na tarehe yake na ada yake.

Utaratibu wa kulipa kidogo kidogo ni wa zamani. Uingereza iliuweka katika sheria ya mwaka 1852, pale ilipopunguza gharama kubwa zilizokuwa zikimkabili mvumbuzi mwanzoni, na badala yake ikamtaka alipe pauni 50 kabla ya kwisha kwa mwaka wa tatu na pauni 100 kabla ya kwisha kwa mwaka wa saba. Marekani ilichelewa sana: ada hizo zinahusu hataza zilizoombwa tangu Desemba 1980, nazo hulipwa mara tatu tu, yaani miaka mitatu na nusu, saba na nusu, na kumi na moja na nusu tangu hataza itolewe. Tangu Januari 2025 kampuni kubwa hulipa huko dola 2,150, kisha 4,040, kisha 8,280. Msomaji ataona kwamba kiwango hupanda kadiri miaka inavyokwenda, na takribani kila nchi hufanya hivyo kwa makusudi. Mwanzoni mvumbuzi hana kitu, hivyo anasaidiwa. Baadaye, ikiwa uvumbuzi unaleta faida, ada hiyo ni tone baharini kwake; na ikiwa hauleti, afadhali auachilie wengine waujaribu. Ndiyo maana hataza nyingi hazifiki mwaka wa ishirini. Wenyewe huziacha zife, na kwa maoni yangu hilo ni jambo jema ambalo halisemwi vya kutosha.

Lakini wakati mwingine hufa hataza ambayo hakuna aliyetarajia ife.

Kisa cha Kanada

Semaglutide ni dawa ya kisukari cha aina ya pili, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Ozempic, na kwa matumizi ya kupunguza uzito huitwa Wegovy. Ni miongoni mwa dawa zilizouzwa kwa fedha nyingi kuliko zote duniani katika miaka ya karibuni. Mwenye dawa hii ni kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, na ombi la msingi la hataza yake liliwasilishwa Machi 2006. Huko Marekani, Ulaya na Japani haki hizo zimerefushwa hadi kuvuka mwaka 2030. Nchini Kanada, ambayo ni moja ya masoko makubwa ya dawa hiyo, hataza ilikwisha kitambo kwa sababu ada ya mwaka haikulipwa.

Kumbukumbu za ofisi ya hataza ya Kanada ziko wazi kwa umma, na ndizo zilizofanya habari hii ijulikane sana mwaka 2025. Zinaonyesha kwamba mawakili wa kampuni waliwahi kuomba warudishiwe ada ya dola 250 za Kanada iliyokwisha kulipwa, kwa kuwa mteja wao alitaka muda zaidi wa kuamua kama angependa kuendelea. Mwaka 2019 ofisi ikaandika barua kueleza kwamba ada haijafika, na kwamba pamoja na faini ya kuchelewa sasa inadaiwa dola 450. Sheria iliruhusu mwaka mmoja wa nyongeza. Mwaka ukapita, fedha haikulipwa, na hataza ikaanguka. Kwa sheria iliyotumika, haikuwezekana kuifufua.

Watu wengi wamelicheka jambo hili kama uzembe wa karani aliyesahau. Tuwe waangalifu. Mtu anayeomba arudishiwe ada ili atafakari hajasahau, na kampuni yenyewe imeeleza kwamba maamuzi yake kuhusu miliki bunifu hupimwa kwa makini katika ngazi ya dunia. Pia hasara yenyewe si kubwa kama inavyosimuliwa. Kanada, kama nchi nyingine tajiri, huipa dawa mpya ulinzi wa aina ya pili usiohusiana kabisa na hataza: kwa miaka minane tangu dawa iidhinishwe, mtengenezaji mwingine haruhusiwi kuegemea takwimu za majaribio ya mwenye dawa ili kupata kibali chake. Ozempic iliidhinishwa huko Januari 2018, kwa hiyo ukuta huo ulisimama hadi Januari 2026. Hataza iliyoombwa Machi 2006 ingefika miaka yake 20 Machi 2026. Tofauti ni takriban miezi miwili. Kilichopotea zaidi ni nafasi ya kutumia cheti cha nyongeza, ambacho kwa sheria ya Kanada huweza kuirefusha haki ya dawa kwa muda usiozidi miaka miwili, ikiwa kingeombwa na kutolewa. Kwa dawa yenye mauzo kama haya, hata miaka miwili ni fedha nyingi kupita kiasi ukiilinganisha na dola 450. Lakini si kweli kwamba karatasi moja iliyosahaulika ilifungua milango siku ileile. Ukuta wa pili ulibaki pale kwa miaka sita.

Ni nchi hiyo hiyo, nikumbushe kwa kupita, ambako Banting, Best na Collip walikiachia Chuo Kikuu cha Toronto hataza ya insulini kwa dola moja kila mmoja mwaka 1923.

Nini hufunguka, na nini hakifunguki

Kwa muuguzi, mfamasia au mgonjwa wa Afrika Mashariki, swali la maana ni hili: hataza inapoanguka mahali fulani, mimi napata nini?

Jibu la kwanza linakatisha tamaa kidogo. Hataza ni haki ya nchi moja moja. Hakuna hataza ya dunia. Ya Kanada ilipoanguka, ya Marekani haikutikisika, na wala haikubadili lolote Nairobi au Kampala. Kinachoweza kutufikia ni manufaa ya pembeni. Kiwanda kikipata mahali pa kuanzia kutengeneza kihalali, kinaweza pia kuuza katika nchi nyingine ambako hakuna hataza hai. Kwetu chanzo kikubwa cha dawa jenereki ni India, na huko hataza ya semaglutide ilihesabiwa kufikia kikomo Machi 2026, sawa na China. Kwa mgonjwa wa Dodoma tarehe hiyo ina uzito kuliko kisa chote cha Kanada.

Jibu la pili ni kwamba dawa moja hubeba hataza nyingi. Ya kwanza hulinda kiini chenyewe. Nyingine hulinda chumvi yake, kidonge chake, njia ya kuitengeneza, kalamu ya kuichomea. Kuanguka kwa moja hakuondoi nyingine. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni bedaquiline, dawa iliyobadili tiba ya kifua kikuu sugu. Hataza ya kiini chake ilifika mwisho Julai 2023. Johnson & Johnson ilikuwa bado na hataza za pili katika nchi kadhaa, zikiwemo za chumvi ya fumarate, ambazo zingesogeza ushindani hadi mwaka 2027. India iliikataa hataza hiyo ya pili Machi 2023, baada ya wanawake wawili waliopona kifua kikuu sugu, mmoja Mhindi na mmoja wa Afrika Kusini, kuweka pingamizi pamoja na wenzao. Mwezi Agosti mwaka huo kitengo cha ununuzi wa dawa cha Stop TB Partnership kikatangaza bei mpya: dola 130 kwa dozi ya miezi sita kutoka kwa kampuni mama, na dola 194 kutoka kwa mtengenezaji jenereki. Ushindani uliishusha hata bei ya mwenye dawa mwenyewe. Septemba kampuni ikatangaza kwamba haitazidai hataza zake za bedaquiline katika nchi 134 za kipato cha chini na cha kati.

Hapa naomba msomaji atofautishe mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Kuahidi kutodai haki si sawa na kuacha kulipia ada. Anayeahidi bado ni mmiliki. Hataza yake iko hai kwenye daftari, na nchi ambazo hazikutajwa katika ahadi hazipati kitu. Anayeacha kulipa, muda wa nyongeza ukishapita, kwa kawaida hana tena cha kudai dhidi ya yeyote katika nchi hiyo. Kwa mpangaji wa ununuzi wa dawa, hali hii ya pili ndiyo anayoweza kuitegemea bila kumwomba mtu barua.

Taarifa hizo hupatikana bure. Mfuko wa Pamoja wa Hataza za Dawa, ulioanzishwa mwaka 2010 kwa jina la Medicines Patent Pool, unaendesha hifadhidata iitwayo MedsPaL inayoonyesha, kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, hataza ya dawa fulani iko hai, imeombwa tu, imekataliwa au imeanguka. Ningependa kila mfamasia wa hospitali ya rufaa aizoee. Ziko pia nchi zisizolazimika hata kidogo: nchi zenye maendeleo duni, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwa miongoni mwao, zimesamehewa na Shirika la Biashara Duniani wajibu wa kutoa au kutekeleza hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Msamaha huo unafaa tu pale sheria ya nchi inapoutumia, kama Uganda ilivyofanya katika sheria yake ya mwaka 2014. Kenya haimo katika kundi hilo.

Jibu la tatu ndilo ninalolirudia mara nyingi zaidi katika kliniki ya kisukari. Mgonjwa huinua boksi lenye jina asilolijua na kuuliza, "Daktari, hii ya bei ndogo ni ile ile kweli?" Kuwa na hataza au kutokuwa nayo hakusemi lolote kuhusu ubora. Hataza hueleza nani anaruhusiwa kutengeneza. Ubora huamuliwa na mamlaka ya udhibiti, ambayo kwa Tanzania Bara ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa jenereki iliyosajiliwa ni dawa halali, yenye kiini kile kile na kiwango kile kile. Dawa bandia ni uhalifu, hata kama hataza ya dawa halisi ilikwisha miaka kumi iliyopita. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya matoleo matatu ya Ozempic bandia, yaliyogunduliwa Brazil na Uingereza mwezi Oktoba 2023 na Marekani mwezi Desemba. Dawa inayotafutwa kwa pupa huvuta walaghai. Mgonjwa anayeambiwa mtandaoni kwamba "hataza imeisha, sasa kila mtu anauza" anapaswa kuuliza namba ya usajili kabla ya kuuliza bei.

Maumbo yaliyosajiliwa

Kuhusu maumbo maelezo ni mafupi, kwa kuwa kanuni zake ni nyepesi. Mkataba wa TRIPS unadai ulinzi usiopungua miaka 10. Nchini Kenya usajili hudumu miaka mitano, na mwenyewe anaweza kuuhuisha mara mbili kwa miaka mitano mitano, jumla 15. Uingereza na Umoja wa Ulaya huhuisha kila baada ya miaka mitano hadi kufikia 25. Marekani ni ya pekee: hataza ya umbo iliyoombwa tangu Mei 2015 hudumu miaka 15 tangu kutolewa, na haina ada yoyote ya kuidumisha. Mtu akilipa mara moja amemaliza.

Hatari ya umbo ni hiyo miaka mitano. Ada ya kila mwaka humfanya mtu awe na mazoea. Ya miaka mitano humkuta amehamishwa kituo, amebadili namba ya simu, na aliyemjazia fomu amestaafu.

Kwa wavumbuzi walio hospitalini mwetu

Wodi zetu zina watu wenye vichwa. Nimewaona mafundi wa vifaa tiba wakitengeneza viunzi vya kupashia joto watoto njiti, wauguzi wakibuni namna ya kufunga mrija usichomoke, madaktari wa mifupa wakichonga vifaa vya mazoezi kwa mbao. Wengi wao hawahitaji hataza, na afadhali waeneze ubunifu wao bure. Kwa yule anayetaka kuulinda ili apate kiwanda cha kushirikiana naye, yapo mambo machache ya kujua mapema.

Ombi lifike ofisini kabla kifaa hakijaonyeshwa kwenye kongamano au kuandikwa jaridani, kwani kilichokwisha kutangazwa si kipya tena. Baada ya ombi la kwanza, Mkataba wa Paris humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine bila kupoteza tarehe yake. Kwa umbo ni miezi sita tu. Anaweza kuomba kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni kwa Tanzania Bara, kwa Taasisi ya Miliki ya Viwanda nchini Kenya, au kwa pamoja kupitia Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare. Njia ya Harare hupendwa kwa kuwa ombi moja hutaja nchi nyingi. Lakini ada ya mwaka huhesabiwa kwa kila nchi iliyotajwa, na furaha ya kutaja nchi kumi mwanzoni hugeuka mzigo wa nchi kumi kila mwaka. Afadhali kutaja zile tu ambako kuna mtu wa kukitengeneza au kukinunua kifaa. Mwenye hataza anaweza pia kuziacha baadhi njiani na kubaki na nyingine.

Kosa la kawaida ni kuhesabu ada kuanzia siku cheti kilipotolewa. Marekani ndivyo ilivyo, lakini kwingi, ARIPO ikiwemo, tarehe inayohesabiwa ni ile ya kuwasilisha ombi, na ada huweza kuanza kudaiwa hata kabla cheti hakijatoka. Akichelewa, Mkataba wa Paris unazilazimisha nchi wanachama kumpa angalau miezi sita ya nyongeza, kwa kulipa faini. Zaidi ya hapo kila nchi ina sheria yake: ipo inayoruhusu kufufua hataza kwa sababu nzito, na ipo isiyoruhusu.

Swali la nani alipe ni gumu kuliko la kiasi gani. Hataza ikiwa ya chuo au ya hospitali, ada inaweza kukosa fungu kwenye bajeti kwa sababu mradi ulioilipia ulikwisha miaka minne iliyopita. Mkataba wa ufadhili unapoandikwa, na itajwe humo ofisi gani italipa baada ya mradi kufungwa, na hadi mwaka gani. Ikionekana hakuna mwenye nia ya kulipa, mvumbuzi aulizwe kwanza kama angependa kuichukua mwenyewe, kabla tarehe haijapita.

Mvumbuzi pia ajihadhari na barua. Mara ombi linapochapishwa, jina na anwani yake huonekana na kila mtu, na wapo matapeli wanaotuma hati za madai zenye nembo na mihuri inayofanana na ya ofisi za serikali, wakidai ada ya "kuhuisha" au ya "kuandikishwa kwenye daftari la kimataifa". Shirika la Miliki Bunifu Duniani limekuwa likionya kuhusu barua hizi kwa miaka mingi. Anayelipa hupoteza fedha mara mbili, kwa kuwa ada ya kweli bado inadaiwa. Dai lolote linalokuja lilinganishwe na tarehe na viwango vilivyotangazwa na ofisi yenyewe, na malipo yafanywe kwa ofisi hiyo au kupitia wakala aliyeandikishwa nayo.